Kazi ya Kutazama

Kila asubuhi kabla ya shule, Benie, msichana wa miaka kumi na miwili, alifuta kadi ya kazi ya dada yake Ursule kwa pindo la sketi, kisha akamvisha shingoni kama nishani ya jenerali. Ursule alipanda toleka, teksi yetu ya baiskeli, na majirani wa Kabondo wakachungulia madirishani.

Walikuwa na haki. Ursule aliajiriwa na kampuni kubwa ya ng'ambo, yenye mtandao wa video, iliyofungua ofisi mjini. Huko umeme haukatiki, chai ni ya bure, na kiyoyozi ni kikali hata wafanyakazi huvaa sweta, ndani ya Kisangani, mji ambao mbuzi wenyewe hutoka jasho! Mshahara haukuchelewa. Karo ya Benie ililipwa, na paa likaacha kuvuja.

"Anafanya nini huko?" aliuliza Yannick, mwanafunzi mwenzake.

"Anatazama video."

"Siku nzima? Na wanamulipa? Bon, mimi macho iko mbili, waniite!"

Benie alicheka. Nyumbani, hata hivyo, kicheko kilikuwa kimehama. Ursule hakuwa tena na utani. Kifuniko cha sufuria kikianguka, aliruka. Siku mama yao, Mama Adèle, alipofungua liboke, samaki wa kuokwa ndani ya majani, Ursule aliona majani yakifunuliwa, akakimbia kutapika. Alikonda hadi sweta likaonekana la kuazima.

Jumamosi moja Benie alimkuta nyuma ya jiko akilia.

"Video ninazotazama ni za watu wanaouawa," Ursule alisema. "Natazama ili zifutwe, wengine wasizione. Za Kifaransa, kompyuta inazifuta yenyewe. Kiswahili chetu na Lingala haijui, kwa hiyo zinaletwa kwangu. Wanaomba huruma kwa lugha yetu, Benie. Nasikia kila neno." Akamshika mkono. "Usimwambie mama. Nilisaini karatasi. Nikisema, wananifukuza."

Benie akaapa.

Juma lililofuata Mama Adèle alikata shauri. "Mutoto huyu iko na kindoki. Wamemuroga kwa wivu wa kazi. Atafunga siku tatu kanisani, bila chakula, bila maji."

Siku tatu! Ursule hakuwa na mwili wa kufunga hata hadi saa sita. Jumapili, baada ya ibada, Pasta Hubert alimuuliza, "Binti, unaumwa wapi?" Ursule akainamisha kichwa. Pasta akamgeukia Benie. "Na wewe, unajua kitu?"

"Hapana, Pasta," Benie alidanganya.

Ursule akasimama kwenda chumba cha maombi. Hakufika mlangoni, akaanguka sakafuni. Hapo Benie akapiga kelele, na maneno yote yakatoka: video, vilio, karatasi.

Pasta aliinama, akamwinua Ursule kichwa. "Mama Adèle," alisema, "mutu huyu hafungi. Tunamupeleka hospitali sasa hivi."

Josée, muuguzi wa hospitali, alimlaza Ursule. Alisema akili nayo hupata vidonda, na vyake vilikuwa vibichi. Ursule aliandika barua kuomba kazi nyingine mle mle ofisini. Jibu lilikuja fupi: nafasi hakuna. Kufika Ijumaa, kiti chake kilikuwa na mtu mwingine.

"Tantine," Benie alimwambia Josée, "nimevunja kiapo, na dada amepoteza kazi."

"Amepoteza, kweli. Sitakudanganya, mutabana matumizi. Lakini sikia. Kazi ikikupa vitu vizuri, uliza pia inakuondolea nini. Na siri inayomuumiza mutu haitunzwi. Unaipeleka kwa mutu mukubwa upesi."

"Nilichelewa?"

Josée alitazama kitandani, ambako Ursule alimeza uji kijiko kwa kijiko, macho ameyafumba.

"Kidogo," alisema. "Siku nyingine, usichelewe."