Mshumaa Uliotoka Ukiwaka

Walikutana langoni mwa uwanja wa mpira wa chuo chao, mjini Montgomery, Marekani, umati ukisukumana kama siafu. Tarumbeta la Tavares lilimgonga Corliss, kofia yake ya bendi yenye manyoya meupe ikaanguka.

"Wewe! Umebeba tarumbeta au mlango?"

"Samahani, mrembo. Nilikuwa nakutafuta."

"Mwongo! Hata hunijui."

"Ndiyo maana nikakutafuta."

Miaka miwili wakapendana.

Corliss alikuwa na viapo viwili. Kimoja kwa Udada wa Waridi, chama cha wasichana wa chuo alichokuwa mama yake pia, chenye nyumba yake pale chuoni. Kingine kwa Udada wa Bendi, wasichana waliopuliza naye tarumbeta juani. Katiba za vyama ziliruhusu, wivu haukuruhusu. Desturi yao ilikuwa moja: dada akiposwa, pete hufungwa kwenye mshumaa unaowaka, dada wote huketi duara, na mshumaa huzungushwa mkono kwa mkono mara tatu, mposaji akingoja mlangoni. Aliyeposwa akiitambua pete na kuuzima, amekubali. Ukitoka ukiwaka, amekataa.

Jumapili alasiri, mapazia ya chumba cha bendi yalishushwa. Mshumaa ulipomfikia, Corliss aliiona pete: kijiwe cha kijani, kile kile alichomwonyesha Tavares dukani. Mkono ukatetemeka.

Delphine, aliyekuwa mwanachama wa pande zote mbili kama yeye, akamnong'oneza, "Kumbe ni wako! Usithubutu. Mama yako aliuzima wake kwetu, nyumba ya Waridi, wewe uuzimie huku? Pitisha. Kesho tutauwasha kwetu, mama akiwepo."

Corliss akapitisha. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu.

Alipotoka mbio, Tavares alikuwa ameondoka; mlangoni palibaki maua yake tu. Alipiga simu mara tisa ndipo ikapokewa.

"Tavares, mpenzi, ningeuzima kesho! Delphine alisema tungoje nyumba ya Waridi."

"Kwani mimi nilimposa nani? Wewe au nyumba?"

"Mimi, laazizi. Ulete mshumaa tena. Hata barabarani nitauzima."

"Nilichungulia pale mlangoni, Corliss. Mzunguko wa kwanza nikacheka, nikajua unanitania. Wa pili nikaomba Mungu. Wa tatu ukampa mwenzio, wala hukutetemeka."

"Nilitetemeka!"

"Basi aliyeona ni Delphine." Akaongeza, "Mjini Memphis wamenipa kazi ya kufundisha bendi. Nilitaka twende wote. Sasa naenda. Ubaki salama, kipenzi."

Simu ikakatika.

Kesho yake mama, aliyekuwa ameitwa na Delphine, alifika nyumba ya Waridi na gauni lake la rangi ya chama, lulu shingoni, akitafuta mshumaa kwa macho. Corliss akamweleza yote, akilia.

"Nilikungoja wewe, mama."

Mama akavua lulu zake taratibu, akaketi.

"Mwanangu, nani alikwambia nilijali mahali? Baba yako angewasha njiti ya kiberiti kando ya barabara, ningeizima kabla haijamuunguza kidole."