Kufuli Lililozikwa Chini ya Transfoma

Apa kwanza kwamba hutamwambia mtu. Umeapa? Haya. Mimi nami niliapishwa na mkwe wangu, nikaapa kwa mikono miwili, na nimejikaza siku tatu nzima. Basi, tumbo langu si ghala.

Mkwe wangu huyo ni mjane wa mtoto wa dada yangu. Anafagia kituo cha umeme, kile chenye transfoma kubwa kama nyumba. Mumewe alikuwa fundi palepale. Kila fundi pale ana kufuli lake. Akitaka kushika nyaya, anazima swichi na kuifunga kwa kufuli hilo umeme usiwashwe, na mwingine haruhusiwi kulitoa hata kama ni bosi. Siku moja mwanetu akafa, waya mkononi. Mkuu wa kituo akaandika kwamba marehemu hakufunga kufuli, kajiua kwa uzembe wake. Na kufuli kweli halikuonekana. Tukazika mtu, tukabaki na lile neno.

Ikaja asubuhi ya kawaida tu, jua limewaka, mkwe wangu anapiga deki. Transfoma ikaanza kuguna.

Mafundi hawakushtuka. Wanasema iko laini kubwa, mbali huko, ya umeme unaokwenda upande mmoja tu. Waya wake mmoja ukizimwa, umeme hurudi kwa kupitia ardhini. Umeme mwingine hupotea njia, ukapanda kwa waya uliochimbiwa chini ya transfoma mpaka ndani. Ndipo inaguna. Na huko chini umeme huo hula chuma kama mchwa.

Lakini laini ile ilitengenezwa. Transfoma haikunyamaza.

"Shemeji," fundi mzee akamnong'oneza mkwe wangu, "unasikia inavyokohoa?"

Alisikia. Mara mbili, kavu. Mumewe alikohoa hivyohivyo akitaka kusema jambo.

Wakapima. Mkuu akipita, mshale wa mita unapanda. Akienda kwake, unalala. Mkuu akakonda. Viatu vya mpira havui hata ofisini.

"Ni sumaku tu," akasema, jasho linamchuruzika.

"Sumaku inakuchagua wewe, bosi?" akauliza fundi mzee.

Watu wakacheka. Kisha wakaacha.

Mkwe wangu akawa anafagia karibu na transfoma, midomo inacheza. "Usimpumzishe, mume wangu. Mpaka aseme."

Wakaguzi wakaja kuchunguza mguno ule. Saa sita mchana mmoja akaamuru waya wa chini ufukuliwe.

"Kuleni kwanza," mkuu akasema haraka. "Kazi haikimbii."

Wakaingia kula. Nje kukawa kimya. Kimya cha kuwasha masikio. Halafu kikohozi. Kimoja. Cha pili.

Wakatoka wote mbio.

Mkuu alikuwa amepiga magoti shimoni, udongo mpaka viwikoni. Vyuma vya chini vimeliwa, vinamomonyoka kama mkate mkavu. Mkononi mwake kufuli la mwanetu, jina limechorwa, shingo imekatwa kwa mkasi wa chuma. Halina kutu hata chembe.

"Nilidhani litaliwa," akasema, wala hakuna aliyemuuliza. "Nililikata mimi. Niliwasha mimi. Watu walikuwa wananipigia simu, wanataka umeme."

Mkwe wangu hakulia. Alisogea karibu ili asikie vizuri.

"Liweke chini," mkaguzi akanong'ona.

"Siwezi."

Hakudanganya. Juu ya ngumi yake, kwenye udongo mbichi, zilionekana alama za vidole vinne, virefu kuliko vyake, vimembana.