Nani Alikula Daraja la Kalombe?

Nakutega! Kuna mtu alikula daraja, ubao kwa ubao, na majirani hawakumwona akitafuna. Ni nani? Usijibu mbio. Shika jibu lako mdomoni, unisikilize kwanza.

Jirani yangu anaitwa Binti. Anauza mchele katika soko letu la Jumatano, kwenye njia ya kwenda Wamaza. Mimi nauza vitunguu pembeni yake. Kila siku ya soko anapita Ruphin, mtu wa kukusanya kodi ya soko. Ukilipa faranga mia tano, anakukatia jetoni, kile kikaratasi chenye namba.

"Mama, unalipa bei ya jetoni ao bei ya ndugu?" Ruphin anauliza akicheka.

"Weye si unanijua? Ya ndugu!"

Bei ya ndugu ni mia mbili, bila kikaratasi. Binti anabakiza mia tatu yake. Ruphin anatia mia mbili mfukoni. Na mimi nililipa vilevile, sifichi. Tulijiona wenye akili kweli!

Jumatano moja Asma, mtoto wa Binti, alikuja kumsaidia mama yake kupima mchele. Mimba yake ilikuwa ya miezi tisa. Jua lilikuwa halijafika katikati, akashika kiuno.

"Mama, inauma."

Hemedi, mume wake, akaita pikipiki. Kituo cha afya si mbali, ila kiko ng'ambo ya mto Kalombe. Binti na mimi tukawafuata mbio kwa miguu. Tulipofika mtoni, mwenye pikipiki alikuwa amesimama mbele ya daraja.

"Sivuki hapa," alisema. "Angalieni wenyewe. Mbao zimebakia tatu, na moja imeoza."

"Mke wangu anazaa!" Hemedi alilia.

"Avuke kwa miguu, mumushike mukono."

Asma akakanyaga ubao wa kwanza. Akakanyaga wa pili. Wa tatu ukalia kwaa! Mguu wake ukaingia hadi kwenye paja. Mama weee! Nilifunga macho. Nilipoyafungua, Hemedi alikuwa amemkamata kwapani, na mguu wa Asma unaning'inia juu ya maji, damu inatiririka.

Wanaume wawili wakasaidia kumvuta. Hakuweza tena kutembea. Tukamlaza palepale, kando ya mto. Mimi nikafungua kitenge changu, nikakishika kama ukuta. Mtu mmoja akavuka majini kumwita muganga wa kituo cha afya.

Mtoto akazaliwa kwenye majani. Wa kike. Halii. Muganga alifika amelowa hadi kiunoni, akamsugua mgongo, akamsafisha pua. Halii. Binti alikuwa amekaa chini, amekishika kichwa cha Asma. Nilihesabu moyoni hadi ishirini. Ndipo mtoto akalia, sauti ndogo kama ya paka.

Binti akasimama. "Nani alikula daraja letu?" alipiga kelele. "Kila soko tunalipa! Nani alilikula?"



Siku mbili baadaye, Louise alikuja kumsalimia mtoto. Louise ni jirani yetu, na kazi yake ni kushika hesabu kwenye biro ya secteur, ofisi ya serikali ya eneo letu. Hata kiti Binti hakumpa.

"Umekuja kuangalia nini? Biro yenu ilikula daraja, sasa munataka kula na mujukuu wangu?"

"Dada Binti, hasira yako nimeisikia," Louise alisema. "Uniletee mukeka, kikombe cha kupimia na mchele. Sitaiba hata punje."

Akapima vikombe kumi juu ya mkeka.

"Tuseme hii ndiyo kodi ya soko, kama kila muuzaji angekata jetoni. Mwaka huu secteur yetu ilipanga kuigawanya hivi. Vinne, mishahara na kazi za biro. Vitatu, njia na madaraja. Viwili, kituo cha afya. Kimoja, usafi wa soko na vyoo. Secteur zingine wanagawa namna yao. Karatasi ya mugawo iko kwenye mulango wa biro, kila mutu anaruhusiwa kuisoma."

"Sasa vitatu vya daraja viko wapi?" Binti aliuliza.

"Pole pole. Sokoni muko wauzaji wangapi?"

"Tunafika mia mbili," nikajibu mimi.

"Jetoni zinazotoka kwenye kitabu kila Jumatano ni makumi ine tu, mutu mumoja kwa kila watano. Ni hizo zinaingia katika sanduku."

Louise akarudisha vikombe nane ndani ya gunia. Vikabaki viwili. Akaanza kugawa upya. Fungu la njia na madaraja halikujaza hata kikombe kimoja.  Mchele huu kidogo ndio uliokuwa ubao wa Asma?

"Pesa isiyo na jetoni haifiki kwetu," alisema Louise. "Inalala mufukoni mwa mutu. Na siku ya kupanga mugawo tulitangaza kanisani na musikitini. Hakuna mama hata moja alikuja."

"Tulizani ni mambo ya mabosi," nikasema kwa sauti ya chini.

Binti alikuwa anaangalia mchele. 

Jumatano iliyofuata Ruphin akapita na kicheko chake.

"Mama, ya ndugu?"

"Kata jetoni," Binti alisema, akanyoosha mia tano. "Na uandike tarehe vizuri."

"Na yangu!" nikasema.

Émérance, muuza samaki kavu, akaita kutoka upande wa pili wa soko: "Ruphin, kalamu yako ingali na wino? Leo utaandika mpaka vidole vivimbe!"

Watu wakacheka. Ruphin hakucheka. Siku ile zilikatwa jetoni mia moja na themanini. Mwezi uliofuata biro ikaleta mkusanyaji mwingine. Mkutano wa mgawo ulipofika, Binti na Émérance walikaa mstari wa mbele. Waliomba daraja la Kalombe litangulie njia nyingine zote, na wakakaa mpaka likaandikwa. Karatasi ya mgawo ikabandikwa na sokoni pia, karibu na meza yangu.

Kiangazi kilipoingia, maseremala wakapigilia mbao mpya kumi na nane.

Juzi tulivuka tukimpeleka mtoto kupimwa uzito. Esther-Divine, mtoto wa Émérance, alitupita kwa baiskeli, na daraja halikulia hata kidogo. Asma, mtoto mgongoni, akasimama katikati.

"Mama, siku ile uliuliza nani alikula daraja. Ulimupata?"

Binti aliangalia maji yanayopita chini ya miguu yake. 

"Nilimupata," akasema. "Ni miye, Asma. Mia tatu kila Jumatano. Ni miye."