Vidonge vya Mwali

"Mama, jana sikuziona, na leo tena sizioni. Dawa zangu ziko wapi?"

"Mwali hanywi dawa. Kaa kitako."

Jasho likamtoka Kidawa. Alikuwa amewekwa ndani tangu Jumatatu, hapohapo kwao Kinjumbi, anasingwa liwa, hata uani hatoki bila kufunikwa kanga gubigubi. Ndoa ni kesho Ijumaa. Leo jioni ngoma inaingia. Na vidonge havipo chini ya mto.

"Nimezitupa chooni," Bi Mwahija, mamake, akasema kwa sauti ya chini. "Shangazi yake Nurdin aliziona. Unataka posa irudishwe mchana kweupe?"

"Mama! Daktari alisema nisiruke hata siku moja! Umemsahau kaka Shamte?"

Nani angemsahau Shamte? Kijana mzima, karuka kupiga mpira kichwa, kaanguka, hakuamka tena. Watu wakasema karogwa. Ni daktari mmoja wa Dar aliyewaambia kwamba umeme wa moyo huweza kuwa na hitilafu, na hitilafu hiyo hurithiwa, basi na ndugu zake wapimwe. Kidawa alipopimwa akakutwa nayo. Akapewa vidonge na onyo: asiviache, na asishtuliwe ghafla. Nyumbani wakaifanya siri. Msichana anayezimia huitwa wa kifafa, na wa kifafa ataolewa na nani?

Simu ikatetema. Ujumbe wa Nurdin, mchumba wake:

"Shangazi kaniambia unakunywa dawa kwa kujificha. Ni dozi ya ukimwi? Niambie ukweli leo hii."

"Mwambie za tumbo!" mama akanong'ona.

Loo, makubwa haya! Akisema kweli ataachwa, akidanganya atakufa. Kidawa akampigia simu.

"Nurdin, siyo hiyo. Ni moyo. Una kasoro ya kuzaliwa nayo, nikishtuliwa unaweza kusimama, kama wa kaka yangu. Na watoto wetu wanaweza kurithi. Nilikuficha kwa sababu niliogopa utaniacha."

"Mwaka mzima, Kidawa? Mwaka mzima unanificha?"

Simu ikakatwa. Kidawa akalia mpaka kifua kikaanza kumpapa, na hilo likamtisha kuliko kuachwa. Akajilaza, mkono kifuani, anasikiliza. Moyo ukapiga, ukasita, ukapiga tena kwa haraka.

"Yarabi, siyo leo," akasema.

Hajakaa sana, akasikia gari uani na wanawake wakiguna. Nurdin huyo, kateremka kwenye kirikuu chake cha kubebea ufuta, hana hata kofia.

"Una kichaa wewe? Mwali haonwi!" Bi Mwahija akaziba mlango kwa mwili wake.

"Shikamoo mama. Nimempigia daktari wa zahanati, kasema dawa za moyo hazikatizwi hivihivi. Leo kanywa?"

"Sijanywa tangu jana, Nurdin," Kidawa akaitikia kutoka ndani. "Naogopa."

"Jitayarishe, twende hospitali. Wapiga ngoma nimewaambia wasije. Nimekukasirikia sana, lakini tutagombana ukiwa mzima."

"Haendi mtu!" mama akamaka. "Mwali atoke na mwanamume kabla ya ndoa? Uso wangu nitauweka wapi?"

"Basi tuozesheni sasa hivi, nitoke na mke wangu."

Mzee Likwata, babake Kidawa, alikuwa barazani muda wote. Akainuka.

"Mwiteni mwalimu wa madrasa." Kisha akasogea mlangoni. "Mwanangu, unaniidhinisha nikuozeshe kwa Nurdin?"

"Nimekuidhinisha, baba. Fanyeni haraka."

Ndoa ikafungwa palepale barazani, mashahidi wapishi wawili wenye masizi mikononi. Kigelegele hakikupigwa, wanawake waliziba midomo kwa kanga wasije wakamshtua. Nurdin akampakia mkewe mbele taratibu, akamgeukia mkwewe.

"Mama, na wewe panda. Ugonjwa huu hutoka kwa mzazi. Hujawahi kuzimia?"

Bi Mwahija akamtazama mumewe, akainamisha kichwa.

"Tangu usichana wangu. Nilificha nisije nikaachwa. Mume wangu mpaka leo hajui."

"Nani hajui?" Mzee Likwata akasema. "Miaka yote hii nakupepea, ukizinduka nakwambia ulisinzia. Niliogopa ukijua kwamba najua, utaona haya, urudi kwenu."

Bi Mwahija akamkodolea macho. Halafu akashika ubavu wa gari.

"Tungesema, baba Shamte. Tungesema mapema, mwanangu angepimwa."

Mzee akampandisha nyuma, akakaa naye juu ya magunia, akamshika mkono. Nurdin akawasha gari.