Utepe Mweusi wa Jua

Soko la Ukunda lilikuwa limefurika. Kando ya wauza viazi, Swabir, mwalimu wa fizikia kutoka Msambweni, alikuwa amesimamisha darubini yenye kichujio, shati lake limepigwa pasi hata siku isiyo ya shule.

"Wauza nini, mwalimu?" aliuliza Hasina, mshonaji wa duka la jirani, mwenye buibui jeusi na mtandio wa manjano.

"Siuzi. Naonyesha jua."

Akachungulia. "Mbona limeingia ufa?"

"Ni utepe wa gesi iliyopoa kuliko jua lenyewe, umeshikiliwa na nguvu za sumaku. Ukikaribia kulipuka, hujiinua polepole na kuyumba. Nyingine lakini hutoweka kimya."

"Utajuaje huu ni upi?"

"Ndilo ninalolitafuta."

"Basi ukijua, nipigie, bwana jua." Akamwachia nambari.

Wakawa wanazungumza kila jioni, mpaka wiki moja Hasina alipopunguza maneno. Utani ukakoma. Swabir aliliona hilo, asiulize. Kwake, muungwana hakisemi asichokithibitisha. Akadhani amechokwa.

Ijumaa asubuhi, akiwa kwenye darubini, simu ililia.

"Vipi utepe wako?"

"Umepanda tangu jana. Unayumba."

"Na mimi je, Swabir?"

Swabir akarudisha jicho kwenye darubini.

"Nimeposwa na mtu wa Shimoni. Baada ya swala shangazi ataniuliza, na kwetu mwari akinyamaza amekubali. Uliniona nayumba, ukaendelea kutazama tu?"

"Nilingoja uhakika."

"Wa jua hujaupata, utaupata wangu?"

Swabir akaiacha darubini. "Nakupenda, Hasina. Lakini siposi juu ya posa ya mwenzangu. Mama yangu atasubiri barazani kwenu. Akisikia umekataa, atabisha hodi."

"Kwa hiyo nikatae kwanza, kwa neno lako tu?"

"Kwa neno langu."

"Una kiburi wewe," alisema, akakata simu.

Baada ya swala, shangazi yake, Ummi, alimkalisha Hasina mkekani. "Mwanangu, wamridhia—"

"Simridhii, shangazi."

Upepeo wa Ummi ukasimama. "Wamngoja nani?"

Hasina aliinuka akafungua mlango mwenyewe. Barazani alisimama mwanamke aliyejitanda leso mpya, mkono umekwisha kuinuliwa kubisha.

Jioni Hasina alimpigia Swabir.

"Mamako amekula, hataki kuondoka. Na utepe, ulilipuka?"

"Sijui, mpenzi," akajibu. "Sikurudi kuutazama."