Toa Nguo, Mvua Inakuja

Duka la Shakuntala mjini Kitale lilikuwa limefurika. Shule zilikuwa zinakaribia kufunguliwa na kila mzazi alitaka karatasi yake ichapishwe kabla ya ile ya mwenzake. Katikati ya msukumano huo aliingia Gathoni, gauni lake la rangi ya haradali likigusa vifundo vya miguu, raba nyeupe zimepigwa brashi, na kifuani amekumbatia laptopu iliyofungwa kwa leso.

"Mama Uday, hujambo?"

"Sijambo, dia. Leta nione."

Gathoni alifungua leso, akaifunua laptopu juu ya kaunta. Rangi yake ya fedha ilikuwa imechubuka pembeni. "Nataka kujua kama hii itapata mfumo mpya wa kuiendesha. Ule wanasema unakuja."

"Kampuni haijatangaza. Ni fununu tu." Shakuntala alimwonyesha kwa kidevu kijana mrefu aliyeinamia sanduku la betri. "Muulize Wabwile. Ni fundi, ametoka Bungoma kununua vipuri. Huyo husoma fununu za kompyuta vile wengine husoma matangazo ya vifo."

Wabwile aliinuka. Shati lake la bluu lilikuwa limenyooshwa vizuri, mikono imekunjwa hadi viwikoni. "Sasa," alisema, akaitazama laptopu. "Hii? Si ni ya kitambo, bana! Kuna wanaosema chipu kama hii itaachwa. Halafu kuna wanaoapa ati safari hii kampuni itazikumbuka mashine za zamani."

"Na wewe unaamini gani?"

"Mimi naamini ile itakufanya utabasamu."

Tabasamu lilikuwa limeanza kuja. Ndipo saa kumi ikafika, na laptopu ikasema kwa sauti ya mwanamume, ya chini, yenye kicheko kwa mbali:

"Gathoni, toa nguo kwa kamba. Mvua inakuja."

Kwenye kioo kilitokea kitufe kimoja kilichoandikwa Tayari. Gathoni hakukigusa. Sauti ikarudia maneno yale yale, ikanyamaza, ikarudia tena, kisha ikakata tamaa. Watu kwenye foleni walicheka.

"Mrembo, mzee anakutafuta," Wabwile alitania. "Si umpigie umwambie uko njiani?"

"Hana simu tena," Gathoni alisema, akiifunga leso. "Tulimzika mwaka juzi."

Jioni hiyo Wabwile alipiga simu. Namba alikuwa ameipata kwa Shakuntala, baada ya kusihi sana na kukemewa kidogo.

"Ni yule fundi mjinga," alisema. "Nimepiga kuomba msamaha. Sijaweza hata kula."

"Kula. Hukujua."

"Alikuwa nani?"

Gathoni hakuwa amezoea kusimulia, lakini simuni hakukuwa na macho ya kumtazama. Alimwambia juu ya Kiragu, mchumba wake. Yeye Gathoni alikuwa akibuni kadi za harusi na vijitabu vya mazishi nyumbani kwake mtaa wa Matisi, na akishaanza kazi husahau kila kitu. Nguo zake zililoweshwa na mvua ya Kitale mara nyingi hata Kiragu akachoka kucheka, akaandika programu ndogo ya kumkumbusha na kuitia sauti yake mwenyewe. Kisha akaugua. Kadi zao za harusi Gathoni alikuwa ameshazibuni. Kijitabu cha mazishi alikibuni yeye pia, kwa picha ile ile.

"Programu ninayofanyia kazi sasa inakataa mfumo huu wa zamani," alisema. "Na ya Kiragu inakataa wowote ulio mpya kuliko huu. Kwa hiyo nangoja. Labda ujao utakubali zote mbili."

"Sauti yenyewe tunaweza kuinakili kwa simu yako, Gathoni. Ni kazi ndogo."

"Sitaki kuibeba kama wimbo. Nataka iniite yenyewe."

Wabwile hakubishana. Tangu siku hiyo alimpigia kila jioni na fununu mpya.

"Za leo ni tamu, mpenzi. Jamaa mmoja anasema ameona mashine kama yako ikijaribiwa."

"Jamaa gani?"

"Ah, jamaa tu. Wa mtandaoni. Picha yake ni ya paka."

"Wewe unamwamini paka?"

"Kwa ajili yako namwamini hata kuku."

Gathoni alicheka hadi akashangaa kusikia kicheko chake chumbani. Jumamosi Wabwile alikuja Kitale na viatu vilivyong'arishwa. Siku nyingine Gathoni alikwenda Bungoma, akajifunza kuwasalimu wateja wa Wabwile kwa "mulembe", akala kuku na ugali wa wimbi, akaambiwa amenenepa vizuri. Lakini alikuwa akiitazama saa sana. Saa kumi ilipopita angali Bungoma, aligeuza uso kuelekea Kitale, na Wabwile aliyemshika mkono alihisi kwamba ameshika mkono tu.

Laptopu ilianza kunguruma na kupata moto. Gathoni aliogopa, akampelekea Wabwile mwenyewe.

"Usifute kitu," alimsihi.

"Nitaisafisha tu feni. Na nitaweka nakala ya sauti, ikitokea la kutokea. Niamini."

Alimwamini. Alirudi nayo Matisi ikiwa kimya na baridi, akaiweka mezani karibu na dirisha. Kesho yake saa kumi ilipokaribia aliacha kazi, akakaa mbele yake kama alivyozoea.

"Moja mbili, moja mbili," laptopu ilisema kwa sauti ya Wabwile. "Gathoni wangu, chai iko tayari."

Gathoni aliifunga kwa kishindo, akapiga simu.

"Umemtoa! Umejiweka wewe!"

"Gathoni, hapana, ilikuwa ya kujaribu, nilisahau kui—"

"Alikuwa na sauti tu, Wabwile! Hukuweza kumwachia hata hiyo?"

Alikata, akaifungia namba yake. Wabwile alikwenda Matisi Jumamosi, akasimama langoni, akaona pazia likisogea na mlango usifunguliwe. Alitaka kuita. Lakini majirani walikuwa wakimtazama, naye akaona aibu kumpigia kelele mwanamke aliyefiwa. Akarudi Bungoma na maneno yake mdomoni.

Gathoni hakuifungua laptopu tena. Aliogopa kusikia kwamba kweli Kiragu hayumo. Kazi alizifanya kwenye kompyuta ya Shakuntala, pale dukani, na kila ilipofika saa kumi aliinua kichwa na kusikiliza. Nguo zake zililowa mchana baada ya mchana. Kilichomtisha zaidi ni kwamba, akisikiliza namna ile, hakusikia habari za mvua. Alisikia moja mbili, moja mbili.

Mvua zilikuwa bado hazijaisha kampuni ilipotangaza mfumo mpya. Asubuhi hiyo Shakuntala alimpigia. "Orodha ya mashine zitakazokubaliwa imetoka, dia. Sijaisoma. Soma mwenyewe ukiwa umekaa."

Alifua kwanza. Alianika. Alipiga deki nyumba ambayo haikuwa na uchafu. Alasiri alikaa, akaisoma orodha kwenye simu, jina kwa jina, akarudi juu akaisoma tena. Mashine yake haikuwamo. Wale walioapa walikuwa wamekosea wote, pamoja na yule wa paka.

Alingoja kilio, lakini kilichokuja ni hamu ya kumpigia mtu na kumwambia. Alijua ni mtu gani.

Aliifungua laptopu ili kuiaga. Iliwaka taratibu. Mawingu yalikuwa yameshafunika Mlima Elgon na upepo ulinuka udongo. Saa kumi ikafika.

"Gathoni, toa nguo kwa kamba. Mvua inakuja."

Ilikuwa sauti ya Kiragu, na kicheko chake kwa mbali, vile vile. Ile ya Wabwile ya kujaribu ilikuwa imewekwa isikike siku ile moja tu, dakika chache kabla ya saa kumi, naye Gathoni aliifunga laptopu kabla ya kumsikiliza mtu yeyote, aliye hai au aliyekufa.

Aliifungua namba ya Wabwile, akapiga. Simu iliita mara moja tu.

"Uko wapi?" aliuliza.

"Umepokea... yaani, umepiga?" Sauti yake ilichanganyika na upepo. "Nimeona orodha asubuhi, nikatoka Bungoma. Sikutaka uisome peke yako. Nimebisha mlango, hukusikia."

"Uko wapi, Wabwile?"

"Nyuma ya nyumba. Imeanza kunyesha, na wewe, bana, huwa husikii mtu."

Gathoni alikimbilia dirishani. Wabwile alikuwa chini ya kamba, shati jeupe limemganda mgongoni, simu kaibana kwa bega, na mikononi amekumbatia mashuka, leso na lile gauni la haradali. Pini za nguo sasa alikuwa ameziuma kwa meno.

Alipoingia jikoni, maji yakimtiririka, Gathoni alimtoa zile pini mdomoni.

"Nilikukosea," Gathoni alisema. "Nisamehe."

"Ningekuwa mimi ningevunja hata simu." Alizitua nguo kitini. "Hiyo laptopu isiuzwe. Tuitoe mtandaoni, ibaki hapo dirishani na mfumo wake wa zamani. Kazi utafanyia nyingine. Yeye aendelee kukuita."

"Na wewe?"

"Mimi nitatoa nguo."

"Kila siku?"

"Kila siku ya mvua."

"Kitale hunyesha karibu kila siku, mpenzi wangu."

"Najua. Ndiyo maana nakuomba unioe, ama nikuoe, vyovyote utakavyo. Kutoka Bungoma ni mbali kwa kazi hii."

Gathoni alikuwa analia na kucheka, na kabla hajajibu sauti ikarudia kutoka chumbani, kwa upole ule ule: Gathoni, toa nguo kwa kamba. Alimshika Wabwile mkono, mkono uliolowa na wenye baridi, akamwongoza hadi mezani. Kitufe kilikuwa kinangoja kwenye kioo. Tangu mazishi hakuwahi kukigusa.

"Zimetolewa, Kiragu," alisema. Akabonyeza.

Nje mvua ilikuwa imeshika paa lote, na kesho, saa kumi, Kiragu angewaita tena.