Mgeni wa Udongo Mwekundu

Mahbuba alikuwa hajaweza hata kutamka "maji", husema "mai". Lakini asubuhi moja ya mwaka 1969, nyumbani kwao Matrah, Omani, aliweka kikombe chini akasema, safi kabisa: "Chicago."

Mama yake, Muhsina, alimgeukia mumewe. "Umemfundisha wewe?"

"Mimi?" Sleyum alicheka. "Labda kaota."

Kesho yake mtoto akasema "Tulsa". Siku iliyofuata, "Amarillo". Na kila alipotaja, chumba kilinuka vumbi lililonyeshewa, na mvua yenyewe hawakuiona mwaka mzima.

Sleyum akaacha kucheka. Alikuwa dereva wa mhandisi Mmarekani, na miji ile aliijua kwa kusimuliwa. Ilikuwa kwenye barabara ndefu ya kwao mhandisi, kutoka Chicago hadi Los Angeles, ufukweni. Wakulima waliokimbia ukame waliifuata, magodoro juu ya magari. Wengine wakafia njiani, wakazikwa kando.

"Na huyo Mmarekani kakupa nini?" Muhsina alimkazia macho.

Sleyum akatoa mfukoni kichupa cha udongo mwekundu. "Ukumbusho tu. Kauchota alipozikwa babu yake, kando ya barabara hiyo."

"Yarabi! Udongo wa kaburi mfukoni, na mtoto unampakata?" Bi Kheiria, mamake Sleyum, alishika kifua. "Huyo hakumaliza safari yake, anaimalizia kwetu. Kaumwage baharini, sasa hivi! Nawe Muhsina, mwanangu, mpaka arudi, ukisikia hodi usiitikie. Hata awe nani. Hodi ni tatu. Asiyekaribishwa huenda zake."

Adhuhuri, Sleyum hajarudi, mtaa umelala kwa joto, mlango ukagongwa.

"Hodi." Sauti ya Sleyum.

Muhsina akajiziba mdomo. Unguja alikolelewa, hodi haikosi jibu. Lakini Sleyum hupiga hodi huku keshasukuma mlango, huyu alingoja.

"Los Angeles," Mahbuba alinong'ona usingizini.

"Hodi."

Harufu ya vumbi ikapenya, na vumbi lenyewe likafuata, jekundu, likitambaa chini ya mlango, likipita mkeka, likikwepa miguu ya Bi Kheiria aliyekuwa akisoma Ayatul Kursiy kwa midomo mikavu, likielekea kitanda cha mtoto.

"Hodi!"

Hawakujibu. Nyayo zikaanza kurudi nyuma, polepole. Muhsina akashusha pumzi.

Nyuma yake, Mahbuba aliketi kitandani, akautazama mlango, akatabasamu kama alivyofundishwa kwa wageni.

"Kaibu," alisema.

Komeo likafunguka lenyewe.